Jim Stynes: alifika Melbourne na miaka 18 hajui mpira wa yai, akaja kuwa mchezaji bora wa ligi nzima. Siri yake ni nini?

#1 Kipanga wa Mtwara

Wakuu, salaam. Wiki nzima nimekuwa nikisoma habari za huyu bwana na bado sijaelewa, nimeona niwaletee.

Jim Stynes alizaliwa Dublin, Ireland, Aprili 1966. Alikulia kwenye mpira wa Kigaeli, ule wa mpira wa duara na wachezaji 15 kila upande. Mwaka 1984 aliisaidia timu ya vijana ya Dublin kutwaa ubingwa wa Ireland yote, na Novemba mwaka huohuo akapanda ndege kwenda Melbourne kucheza futi ya Australia: wachezaji 18 kila upande, uwanja wa duaradufu, mpira wa umbo la yai. Alikuwa na miaka 18, na mchezo huo hakuwa amewahi kuucheza.

Mwaka 1991 akachukua Medali ya Brownlow, ile ya mchezaji bora wa ligi. Wenzake kwenye orodha hiyo wamekuwa wakipiga mpira wa yai tangu wanaanza kutembea.

Mimi nasema hivi: kilichomjenga ni kosa la fainali ya 1987. Lile kosa lingemwua mtu mwingine. Yeye lilimpa deni, akalilipa maisha yake yote. Mnipinge.

---

#2 Dereva wa Dandenong

Kipanga, umenigusa, maana mimi naishi huku Melbourne mwaka wa 14 sasa. Ila nianze kwa kukurekebisha: haikuwa fainali. Ilikuwa mechi ya kuwania kuingia fainali kuu, klabu yake ya Melbourne dhidi ya Hawthorn, uwanja wa Waverley, Septemba 1987. Fainali kuu Hawthorn walienda kucheza na Carlton wakafungwa.

Nieleze kilichotokea kwa wasioujua mchezo huu.

Goli moja ni pointi 6, na mpira ukipita pembeni kidogo, kati ya mlingoti mkubwa na mdogo, ni pointi 1. Melbourne walikuwa mbele kwa pointi 4, sekunde zinaisha. Gary Buckenara wa Hawthorn akapewa mpira wa adhabu, lakini alikuwa mbali, kama mita 55. Kwa umbali ule si wengi wangeweka pesa kwamba atafika. Sasa kwenye futi, mtu akipewa mpira wa namna hiyo, mpinzani mmoja anasimama pale penye alama, na wengine hawaruhusiwi kukatiza katikati. Stynes alimwona mchezaji wa Hawthorn yuko peke yake, akakimbia kumfuata, na njia aliyochukua ilipita pale hasa pasiporuhusiwa. Mwamuzi akaamuru mpira usogezwe mbele mita 15. Ghafla Buckenara yuko kama mita 40 tu. King'ora kimeshalia, akapiga, katikati. Hawthorn 80, Melbourne 78.

Kwa wazee wa huku hiyo habari bado ni mbichi.

---

#3 Fundi Redio

Dereva asante kwa darasa. Ila adhabu ni mita 50 bwana, si 15. Nimeangalia mechi nyingi kwenye intaneti.

---

#4 Dereva wa Dandenong

Ni 50 kwa hizo unazoangalia wewe. Wakati ule ilikuwa 15. Walipandisha hadi 50 msimu uliofuata, 1988.

---

#5 Fundi Redio

Nimeelewa. Kumbe kwa sheria ya sasa Buckenara angesimama karibu kabisa na goli.

---

#6 Mama Zuu

Hamjambo. Mimi michezo yenu siijui sana, ila napenda hadithi za watu. Swali langu: kwa nini kosa la dakika moja lihesabiwe kuwa la mtu mmoja? Hao wengine 17 walikuwa wapi mechi nzima?

---

#7 Dereva wa Dandenong

Mama Zuu, na hesabu inakuunga mkono. Siku ile Melbourne walifunga magoli 10 na zile pointi mojamoja 18. Yaani mara 18 mpira ulikaribia na haukuingia. Goli moja tu kati ya zile 18 na Buckenara angepiga mpira wa kupunguza aibu.

Lakini kuna sababu lile lilimwangukia Stynes. Melbourne hawakuwa wameingia hatua ya mtoano tangu 1964, mwaka waliochukua ubingwa. Miaka 23. Mwaka huo wa 1987 wakaingia, wakaipiga North Melbourne kwa tofauti ya pointi 118, wakaipiga Sydney, mji mzima ukasimama. Na nahodha wao alikuwa Robert Flower, mtu mwembamba anayependwa hata na wapinzani, mechi 272, tangu 1973, na huo ndio ulikuwa mwaka wake wa kwanza na wa mwisho kuonja hatua hiyo. Mechi ile ndiyo ilikuwa ya mwisho kwake. Aliyekatiza alikuwa kijana mgeni katika msimu wake wa kwanza wa ligi kuu. Ipo picha ya kocha John Northey akimgombeza Stynes chumba cha kubadilishia nguo, amemsogelea usoni, na yule kijana mrefu ameinamisha kichwa.

---

#8 Nyundo ya Siaya

Hii mada imenipata pabaya.

Mwaka 2003 nilikuwa kipa wa shule yetu, fainali ya wilaya, tukafika penalti. Ya mwisho yao nikaidaka. Watu wakaingia uwanjani, nikabebwa. Mwamuzi akasema hapana, kipa ametoka kwenye mstari kabla mpira haujapigwa. Irudiwe. Ikarudiwa, ikaingia. Tukarudi nyumbani kwa lori na hakuna aliyeongea kuanzia pale uwanjani mpaka kwenye geti la shule.

Kwa hiyo Kipanga, unaposema kosa linamjenga mtu, mimi langu halikunijenga. Sikucheza tena. Hiyo nadharia yako inawahesabu waliosimama tu. Tulioanguka hatuandikwi.

---

#9 Kipanga wa Mtwara

Nyundo, pole sana ndugu yangu. Sikulitazama kwa upande huo. Lakini bado nauliza, kwa nini yeye alisimama?

---

#10 Mwalimu wa Michezo

Mimi naona mnatafuta moyoni kitu kilichopo miguuni.

Mpira wa Kigaeli na futi ya Australia ni kama binamu. Kote wanadaka juu, kote wanapiga mpira kutoka mkononi, kote hakuna kuotea. Kijana aliyekulia Kigaeli anapofika Australia ameshajua kuruka na kudaka katikati ya watu. Kinachombakia ni ule mpira wa yai wenyewe, unavyodunda kiwazimu na unavyopigwa. Ndiyo maana kocha Ron Barassi na wenzake pale klabu ya Melbourne walikwenda Ireland na si Brazil. Walifanya majaribio, wakachukua vijana, wakawapa na nafasi ya kusoma. Stynes alisomea ualimu hukohuko.

Hapakuwa na muujiza. Palikuwa na mpango.

---

#11 Fundi Redio

Mwalimu, kama ni ubinamu wa michezo, mbona vijana wengi wa Ireland walienda wakarudi kimya? Wote walikuwa na Kigaeli. Hata ndugu yake mwenyewe, Brian Stynes, alicheza mechi mbili tu za Melbourne, akarudi Dublin na huko akachukua ubingwa wa Ireland yote mwaka 1995. Mama mmoja, baba mmoja, mpira mmoja. Mmoja mechi 264, mwingine 2.

---

#12 Mwalimu wa Michezo

Hoja nzuri ya ndugu. Lakini usisahau Sean Wight, mzaliwa wa Glasgow aliyekulia Kerry, huko Ireland, ambaye alimtangulia Stynes pale Melbourne na akafika mechi 150 akiwa beki. Baadaye Tadhg Kennelly akachukua ubingwa na Sydney mwaka 2005, kisha akarudi Kerry akachukua wa Ireland mwaka 2009. Zach Tuohy amestaafu 2024 akiwa na mechi 288 na ubingwa wa 2022 wa Geelong. Njia ipo. Stynes hakuwa ajali.

---

#13 Dereva wa Dandenong

Wote mmesahau mapafu.

Stynes alikuwa na urefu wa sentimita 199 na alicheza nafasi ya mrukaji, yule anayeshindana na mrefu mwenzake mwamuzi anapoudundisha mpira katikati. Zamani warukaji walikuwa watu wazito. Anaruka, anausukuma mpira kwa mwenzake, halafu anatembea kwenda kwenye mrusho unaofuata. Huyu aliruka, akatua, akaondoka mbio kama kiungo. Dakika mbili baadaye unamkuta upande wa pili wa uwanja anadaka. Yule mrukaji mwenzake yuko nyuma anahema.

Na tazameni hili: wakati ule benchi lilikuwa na wachezaji wawili tu wa kubadilishana. Wa tatu aliongezwa 1994, wa nne 1998. Siku hizi wanaingia na kutoka mara nyingi kupumzika. Wakati wa Stynes mapumziko yalikuwa machache, kwa hiyo mrefu anayeweza kukimbia mpaka robo ya nne alikuwa dhahabu. Mimi nasema angekuja miaka 30 baadaye asingewaacha wenzake mbali vile. Kipindi na mapafu vilikutana.

---

#14 Bukavu 243

Salaam kutoka Kivu. Dereva, nakubali kwa sehemu. Lakini medali ile wanapiga kura waamuzi, sivyo? Kura 3, 2, 1 kila mechi. Mtu wa karibu mita mbili, yupo kila penye mpira, mwamuzi anamwona tu. Beki mzuri nani anamwona? Kwa hiyo labda hakuwa bora kuliko wote. Labda alionekana kuliko wote.

---

#15 Dereva wa Dandenong

Bukavu, mwaka ule alipata kura 25. Warefu walikuwepo kila timu, wote wanaonekana kutoka mbali. Na klabu yake yenyewe, ambako kura hazipigwi na waamuzi, ilimpa tuzo ya mchezaji bora mara nne: 1991, 1995, 1996, 1997. Huyo wa 1997 alikuwa na miaka 31, Melbourne wakiwa hoi kabisa. Ukiwa unacheza kwenye timu inayofungwa kila wiki na bado wewe ndiye bora, hapo sisemi kitu.

---

#16 Bukavu 243

Hapo nimenyamaza. Ila niweke jina letu pia humu: Héritier Lumumba, baba yake ana asili ya Kongo, amezaliwa Rio de Janeiro, akachukua ubingwa na Collingwood mwaka 2010 na kuingia kikosi bora cha Australia mwaka huohuo. Mechi 223. Naye anastahili uzi wake.

---

#17 Nyundo ya Siaya

Na sisi Kenya tuna Aliir Aliir, amezaliwa kambi ya Kakuma, wazazi wa Sudan Kusini. Yuko Port Adelaide, kikosi bora cha 2021. Alianza futi akiwa kijana mkubwa tayari.

---

#18 Mama Zuu

Kakuma hiyohiyo ya Turkana? Jamani. Nilipita hapo na lori la misaada mwaka 2011, jua lile na vumbi lile, watoto wanacheza na kitu cha matambara hata huwezi kujua ni mpira. Leo nimefurahi kusoma uzi huu.

---

#19 Fundi Redio

Turudi kwa Stynes kabla hatujafika Juba. Hakuna aliyetaja 244?

Mechi 244 mfululizo bila kukosa hata moja. Kuanzia 1987 mpaka 1998. Rekodi ya kabla yake ilikuwa ya Jack Titus wa Richmond, mechi 202, na ilikaa tangu miaka ya vita kuu ya pili. Mchezo wenyewe ni wa kugongana, na yeye yuko nafasi ya kugongana zaidi. Kilichomkatisha 1998 ni mkono uliovunjika. Mwaka huohuo akastaafu.

Nadharia yangu ni hii: siri yake ni kuwepo. Mwenzako anaumwa nyama za paja wiki tatu, anarudi mchezo umemkimbia. Huyu kila Jumamosi yupo, anajifunza. Aliyeanza kujifunza akiwa na miaka 18 alihitaji kufidia mechi za utoto ambazo hakuzicheza. Akazifidia kwa kutokosa.

---

#20 Kipanga wa Mtwara

Fundi, hiyo ndiyo deni ninalosema! Ya 244 inaanza mwaka uleule wa 1987. Mtu ambaye hataki kukosa hata mechi moja kwa miaka 11, anakimbia nini?

---

#21 Mwalimu wa Michezo

Au ana mwili wa chuma tu, Kipanga. Si kila mwenye afya ana jeraha la moyo. Wewe kila kitu unakitafutia kidonda.

---

#22 Kipanga wa Mtwara

Hahaha, Mwalimu, nakubali ninapenda vidonda. Lakini soma alichofanya nje ya uwanja. Mwaka 1994, bado anacheza, alianzisha na mwenzake taasisi ya Reach ya kuwasaidia vijana wanaopita pagumu, wakae, waongee yanayowasumbua. Mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya nchi nzima ameinamisha kichwa angepata wapi wazo hilo?

---

#23 Mama Zuu

Kwa ualimu aliousomea, mwanangu. Au kwa mama yake. Mnampa yule Buckenara sifa nyingi mno.

---

#24 Dereva wa Dandenong

Mama Zuu leo unatupiga penalti.

Niongeze kuhusu alivyorudi, maana wengine huenda hamjui. Mwaka 2008 Melbourne ilikuwa na deni la mamilioni, watu wanasema ifutwe au ihamishwe. Stynes akakubali kuwa rais wa klabu. Akaanza kuchangisha, chakula cha jioni kimoja baada ya kingine. Julai 2009 akaambiwa ana saratani. Hakuacha kiti. Mwaka 2010 deni likaisha, yeye akiwa anatoka upasuaji mmoja kwenda mwingine. Alifariki 20 Machi 2012, hajafika miaka 46. Mazishi yalikuwa ya kiserikali, ya jimbo la Victoria, kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, katikati ya jiji. Nilikuwa mgeni hapa, sijui futi ni nini, nikaona watu wazima wamesimama kandokando ya barabara na skafu nyekundu na buluu wanalia. Nikamwuliza abiria wangu ni nani aliyekufa. Akaniambia kuanzia Dublin mpaka siku hiyo, na alipomaliza tulikuwa tumefika kwake kitambo, tumekaa tu ndani ya gari na mita nimeizima.

Sasa hivi sanamu yake iko nje ya MCG, uwanja mkubwa wa hapa Melbourne.

---

#25 Fundi Redio

Ubingwa je, alichukua?

---

#26 Dereva wa Dandenong

Hapana. Fainali kuu aliicheza 1988, Hawthorn haohao, wakafungwa kwa tofauti ya pointi 96. Melbourne walikuja kuchukua 2021. Nahodha na mrukaji alikuwa Max Gawn, aliyesajiliwa 2009 wakati Stynes ndiye rais.

---

#27 Shangazi Rehema

Nimekuwa nasoma kimya tangu mwanzo. Naomba nirudi kwa Nyundo, #8, kwa sababu naona mmempita.

Mnahesabu mapafu, Kigaeli, waamuzi, deni. Mimi nimeangalia jina moja: Northey. Kocha aliyemgombeza kwenye ile picha ndiye aliyekuwa kocha mwaka 1988. Na 1989. Na 1990. Na 1991 Stynes anapochukua Brownlow, kocha ni yuleyule, aliondoka 1992. Hiyo rekodi ya mechi 244 haikuwezekana kwa mwili wa mchezaji peke yake. Kila wiki ilibidi mtu aandike jina lake kwenye karatasi. Na kwa ile miaka ya mwanzo, aliyeliandika ni yule aliyekuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kutoliandika.

Na hata kabla ya hapo, mwaka 1986 walimpeleka klabu ya Prahran, ligi ya chini, akajifunze huko bila kuzomewa. Hawakumrudisha Dublin.

Nyundo, mwanangu, baada ya ile fainali ya wilaya nani aliandika jina lako?

---

#28 Mwalimu wa Michezo

Shangazi, nimefundisha miaka 19 na swali hilo limenifanya niwakumbuke wanafunzi wawili watatu. Ila naomba nibishe kidogo: kocha anaandika jina la anayemsaidia kushinda. Northey hakuwa anafanya sadaka. Kama Stynes asingekuwa na uwezo, angeachwa.

---

#29 Shangazi Rehema

Uwezo wa 1991 hakuwa nao 1987, Mwalimu. Aliupata kwa kupangwa.

---

#30 Mwalimu wa Michezo

Na alipangwa kwa sababu dalili zilionekana. Tutazunguka hapa mpaka asubuhi.

---

#31 Nyundo ya Siaya

Shangazi, nimekaa na swali lako tangu jana ndiyo maana nimechelewa.

Miaka yote nimekuwa nikisema sikuitwa tena. Nimemwambia hata mke wangu hivyo. Lakini jana usiku nikajaribu kukumbuka muhula uliofuata, na ninachokumbuka ni kengele ya saa kumi, wenzangu wanapita dirishani na viatu begani, na mimi niko darasani nimefungua kitabu cha Jiografia. Sikumbuki mtu akinizuia kwenda. Sikumbuki pia mtu akija kunichukua.

Mwalimu aliyekuwa anatufundisha mpira amestaafu, ana shamba karibu na kwetu, huwa tunasalimiana sokoni. Hatujawahi kuongelea ile siku. Desemba nikienda nyumbani nitamwuliza kama jina langu lilikuwepo kwenye karatasi.

---

#32 Mama Zuu

Nenda. Na uje utuambie hapahapa.

---

#33 Kipanga wa Mtwara

Uzi hatuufungi mpaka Desemba basi. Dereva, ukipita MCG tupigie picha ya ile sanamu.